Namba Kumi na Saba

Namba Tisa, Kitale
4 Machi 2024

Khocha Wekoye,

Mulembe. Ni mimi Dinah, mpwa wako ambaye unadai ana mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Juzi nilipokupigia simu ulinijibu yale yale ya siku zote, kwamba simu ni ya salamu na neno zito liandikwe. Haya, nimeandika. Bashir wa mablanketi hupita Myanga kila wiki akienda soko la Bungoma, na amekubali kuwa posta yetu.

Tumehamia kwetu. Ni vyumba viwili na jiko la mabati, lakini hakuna wa kutudai kodi. Mume wangu Derrick bado yuko kazini mpakani Suam, anarudi Ijumaa. Ungeiona Namba Tisa leo usingeamini ni lile shamba la mzungu ulilofanyia kazi ukiwa kijana. Mahindi yamebaki vipande vipande katikati ya nyumba za kupangisha. Tuna kinu cha kusagia posho, makanisa matatu, msikiti mdogo, hata mahali pa kuosha magari. Kila mtu ana ploti yake ya futi hamsini kwa mia na ng'ombe mmoja nyuma ya choo.

Kamati ya mji imeniomba niandike kijitabu cha historia yake. Wanasema mimi ni mwalimu wa historia, tena niko likizo ya uzazi, kana kwamba mwenye mtoto mchanga hana kazi. Nikasema nina bahati, mjomba wangu alikuwa mmoja wa wale watu arobaini wa kwanza walionunua shamba kwa ushirika. Kwa hiyo niandikie. Mlianzaje? Na wewe kwa nini uliondoka mwaka ule ule mliogawana mashamba? Mama aliondoka duniani bila kunieleza.

Sasa neno zito lenyewe. Mtoto ana wiki sita na bado hana jina. Kila siku ikifika saa kumi jioni anaanza kulia, na halii kama mtoto mwenye njaa. Analia akiangalia mlango. Hataki ziwa mpaka jua lizame, na uzani wake unapungua. Zahanati hawaoni ugonjwa. Mama mkwe amesema wazi kwamba analilia jina. Wewe unaijua mila hii kuliko mimi: kuna marehemu wa ukoo anataka kuitwa, na siku jina lake litakapotajwa mtoto atanyamaza. Wafu wa kina Derrick tumewataja wote, tumewamaliza. Nitumie wa kwetu.

Na kuna jambo lingine, utanicheka. Ng'ombe wa watu wakipitishwa hapa saa kumi, husimama langoni kwetu. Wanajipanga mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, kama wanaongoja zamu. Mchungaji atawachapa mpaka achoke. Baadaye wanaondoka wenyewe.

Nakusubiri kwa hamu,
Dinah


Myanga
11 Machi 2024

Mpwa wangu Dinah,

Barua imefika, ingawa Bashir aliikunja ndani ya blanketi na nusura aliuze kwa mteja wa Naitiri pamoja nayo. Mwandiko wako haujapona.

Mimi ni mzima. Miguu inanung'unika wakati wa mvua, lakini miguu ya miaka sabini na sita haina adabu. Maharagwe nimepanda. Jirani yangu Nelima ananiletea uji na umbea, vyote vya moto.

Majina ndiyo haya. Khaemba, babu wa mama yako, aliyekuwa hodari wa kutega fuko. Sikolia, ndugu yake, aliyeliwa na mto. Mang'oli, aliyekufa akicheka. Walubengo, baba ya mama yako. Yataje polepole, moja kwa siku, na mtoto awe ameshiba. Mmoja wao atakubali. Wafu wa ukoo huu hawana maringo.

Kuhusu historia, andika kwamba tulinunua, tukagawana, tukamshukuru Mungu. Ukurasa mmoja unatosha. Watu wanaopenda kufukua mambo ya kale huishia na jembe lililovunjika. Mimi niliondoka kwa sababu mama yangu alikuwa kipofu na alihitaji mtu. Nilikuwa nimeondoka Myanga nikiwa mtoto wa miaka kumi, nikifuata gari la ng'ombe. Si jambo la kuandikwa kitabuni.

Ng'ombe ni ng'ombe. Usiwajali.

Ila usianike nguo za mtoto upande ule wa josho, na usikae hapo naye jioni.

Ni mimi mjomba wako,
Wekoye


Namba Tisa
20 Machi 2024

Khocha,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mimi sikukuandikia lolote kuhusu josho. Nilikuwa hata sijui kwamba hapa palikuwa na josho.

Jumatatu fundi alikuja kuchimba msingi wa tangi la maji, hatua kumi kutoka jikoni. Sururu ikagonga simiti. Akaendelea, na mtaro ukatokea, mrefu, mwembamba, umejaa udongo mwekundu, na upande mmoja una vidato vya ng'ombe kupandia. Josho lenyewe, la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, la tangu wakati wa mzungu. Fundi akanusa, akasema, "Madam, hii dawa si ilipigwa marufuku kabla nizaliwe? Mbona inanuka ni kama ya leo?" Alikusanya vifaa vyake akaenda, na simu zangu hashiki. Sasa naelewa kwa nini Derrick aliuziwa ploti hii kwa bei ya kutupa, na wazee wa hapa wakatupongeza bila kututazama usoni. Nguo za mtoto nilikuwa nimezianika huko huko. Nimezifua mara tatu na bado zinanuka.

Lakini ulijuaje? Ploti hizi zilikatwa juzi tu.

Majina yako nimeyataja yote, polepole, mtoto akiwa ameshiba. Khaemba, Sikolia, Mang'oli, Walubengo. Ni kama nilikuwa naliambia jiwe.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana. Chama cha kufa na kuzikana kilinipa daftari lao la zamani kwa ajili ya kijitabu. Unalijua. Kila mkutano katibu husoma yale majina arobaini ya kwanza. Aliye hai huitika "Nipo," na aliyekufa watu humwitikia "Ametangulia." Nilipohudhuria mara ya kwanza niliona ajabu moja. Katibu akishasoma namba kumi na sita, wazee hukohoa, wote pamoja, halafu anasoma namba kumi na nane. Nikadhani ni kifua cha baridi ya Kitale.

Jana saa kumi mtoto alikuwa mapajani akilia, nami nanakili daftari huku nasoma kwa sauti ili angalau nijisikie. Namba moja, mbili, tatu. Kilio juu. Nikafika namba kumi na saba: Wekoye wa Walubengo, wa Myanga. Jina lako, Khocha.

Alinyamaza kabla sijamaliza kulitamka. Akageuka mlangoni, akatabasamu, akanyonya mpaka akasinzia.

Niliogopa, sitakuficha. Mtoto hunyamazishwa na jina la marehemu, na wewe uko hai unapanda maharagwe. Nikakupigia simu papo hapo, ukaitika ukiwa umekasirika kwamba nimekukatiza chai, nami nikashukuru hata hasira hiyo. Lakini usiku kucha nimewaza. Kuna kitu unaumwa unatuficha? Uko mzima kweli?

Dinah


Myanga
25 Machi 2024

Dinah,

Mimi ni mzima. Nimekula, nimelala, nimegombana na mbuzi wa Nelima.

Jina hilo usilitaje tena mbele ya mtoto. Ilikuwa nasibu tu, watoto hunyamaza wakichoka. Ufukieni mtaro ule leo leo. Ikiwezekana mhamie Kitale mjini mpaka mtoto akue. Nitauza ng'ombe wangu niwasaidie kupata chumba.

Daftari hilo lirudishe. Usiongee na Gathii.

Wekoye


Namba Tisa
2 Aprili 2024

Khocha,

Hujawahi kuniandikia bila kunitania. Tangu nikiwa msichana wa shule ukinilipia karo, hata barua ya kunikemea ilikuwa na kicheko ndani. Ile ya juzi imenitisha kuliko josho.

Nilikutii. Siku tano sikulitaja lile jina. Mtoto akalia siku tano, kuanzia saa kumi mpaka sauti ikakauka, na mwisho akawa analia kwa mdomo wazi bila sauti. Siku ya sita tulikuwa kwenye benchi la hospitali, sindano ya dripu kichwani kwake kwa sababu mshipa wa mkononi haukupatikana. Daktari, msichana mpole wa jina la Cherono, akaniambia, "Mama, huyu akiendelea kukataa ziwa hivi, hatuna wiki mbili." Derrick alitoka nje akalia nyuma ya ambulensi. Aliporudi aliniuliza, "Jina ni jina tu, si ulitaje?" Nikamwinamia mtoto nikamwita. Wekoye. Alinyonya, Khocha. Alinyonya mpaka nikaumia.

Nisamehe, lakini sitaacha mwanangu afe ili wewe usikasirike.

Tena umeniambia nisiongee na Gathii, kwa hiyo niliporudi nyumbani nilienda moja kwa moja kwa Gathii. Ndiye namba nane, na kwa wale arobaini ndiye pekee mwenye kumbukumbu. Nilimkuta akitenganisha mbegu za viazi. Nikamwambia mimi ni mpwa wa Wekoye, namba kumi na saba. Aliangusha kiazi.

"Wekoye hana mpwa anaweza kuja hapa," alisema. "Hakuna mtu wa kwao aliwahi kuja."

Nikamwambia Wekoye yuko Myanga, ni mzima, nimeongea naye wiki hii.

Mzee alisukuma viazi kando. Akasema, "Mama, mimi mkono yangu ndio ilishika koleo. Tulizika Wekoye kando ya josho mwaka wa sabini na moja, siku ya Alhamisi, saa kumi. Sasa huyo unaongea na yeye ni nani?"

Nilimwambia amezeeka vibaya. Nikatoka bila kuaga, jambo ambalo hukunifundisha. Lakini njiani nilipita langoni kwetu na ng'ombe walikuwa wamejipanga, kumi na mmoja, na wa mbele alikuwa amepiga magoti.

Nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mzazi, kwa sababu sina mzazi mwingine. Unayeniandikia barua hizi ni nani?

Dinah


Myanga
9 Aprili 2024

Dinah,

Nimeanza barua hii mara sita. Nelima amewashia moto kwa zile tano.

Mimi si Wekoye.

Nilizaliwa upande wa Suam, sijui mwaka. Mama yangu alifia njiani tukivuka kutoka Uganda, na watu walionikuta waliniacha kwenye shamba la mzungu nichunge ndama. Hapo ndipo nilipomkuta mvulana wa Kibukusu mwenye umri wangu aliyefuata gari la ng'ombe kutoka Myanga. Tulilala blanketi moja miaka kumi na mitatu. Alinifundisha lugha yake. Kila siku alinisimulia mama yake kipofu, mto wa kwao, babu aliyetega fuko, mpaka nikawa nawajua wafu wenu kuliko walio hai. Mimi sikuwa na wa kumsimulia.

Mwaka wa sabini na moja mzungu alikuwa anauza. Watu arobaini waliandikwa daftarini. Mimi sikuandikwa kwa sababu sikuwa na kipande cha kunitambulisha wala kabila la kuthibitisha. Wekoye aliandikwa namba kumi na saba, akaniambia shamba lake ni letu.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu joshoni. Kazi ilikuwa kusimama ukingoni na kuwasukuma ndama vichwa ndani ya dawa kwa fimbo. Nilimwambia anishikie kidogo, naenda kuvuta sigara nyuma ya ghala. Ndama alikwama, naye akaingia kumtoa. Dawa ya siku hizo ilikuwa sumu kali. Aliimeza. Niliporudi walikuwa wamemlaza kwenye vidato, na ng'ombe waliobaki walikuwa bado wamejipanga wanangoja. Alikufa saa kumi, akinitazama.

Watu wakasema polisi wakija mauzo yatasimama na arobaini watakosa mashamba. Kwa hiyo tulimzika hapo hapo. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyenyoa nywele. Jina lake likabaki daftarini ili hesabu isipungue, na ndiyo sababu wanakohoa. Hawawezi kusema "Nipo," na hawawezi kusema "Ametangulia." Kipande cha ardhi cha namba kumi na saba hakuna aliyethubutu kukilima mpaka hao vijana wa kamati walipokikata wakamuuzia mumeo. Uliponieleza ng'ombe wanaojipanga saa kumi, nilijua ni hapo.

Mimi nilifunga blanketi lake na kipande chake, nikatembea siku tatu mpaka Myanga. Nilikwenda kuleta habari ya msiba, Dinah. Naapa. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilipofika, bibi yako alikuwa amekaa mlangoni akipura maharagwe. Nilisema hodi kwa lugha aliyonifundisha mwanawe. Akanyoosha mikono. Akalishika blanketi, akalinusa, akanishika uso. Akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja. Halafu akapiga kigelegele akisema mwanangu amerudi, na majirani wakaja mbio, na mama yako, msichana wa miaka kumi na sita asiyemkumbuka kaka yake, akanirukia shingoni. Maneno yangu yote yakaisha. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia kigelegele.

Nikasema nitawaambia kesho. Kesho hiyo imechukua miaka hamsini na mitatu.

Siku aliyokufa, bibi yako aliwatoa wengine chumbani. Akaniambia, "Wewe umekuwa mtoto mzuri. Blanketi la mwanangu nizikeni nalo." Mpaka leo sijui alijua tangu lini.

Sikuoa. Ulikuwa ukinitania kwamba wasichana wa Myanga wote walinikataa. Sikuoa kwa sababu sikujua mtoto wangu angeitwa wa nani. Nilijichukulia jina la marehemu, na yeye akakosa kuitwa, kwa kuwa watu wangu wote, yaani watu wake, walidhani yuko hai anakula ugali. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo alipolia jina, nilitaja wengine. Mama yako alipokuzaa na ukalia, nilijua siku yangu imefika, lakini wewe ulimkubali bibi yako upesi.

Mpe mtoto jina. Waite wazee, lisomwe daftari, namba kumi na saba isikoholewe. Wanyoe nywele. Hasira zako nitazipokea. Nina ombi moja tu, hata kama sistahili. Jina langu halijatamkwa na mtu tangu Alhamisi ile, na hakuna mtoto atakayelilia, kwa sababu mimi sina ukoo. Lisome wewe, mara moja, hapo chini.

Chemonges


Namba Tisa
15 Aprili 2024

Khocha,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nakuita nilivyozoea.

Nilikasirika. Nilitupa barua yako jikoni, nikaiokota, nikaitupa tena. Niliwaza bibi yangu, na kaburi la mtu wa damu yangu nililoanikia nepi. Nilisema kwa sauti maneno ambayo sitayaandika. Halafu nikakumbuka ni nani aliyetembea kutoka Myanga mpaka shuleni kwangu na godoro kichwani.

Jana wazee wanne waliobaki walikuja, na nusu ya mji nyuma yao. Derrick alizungushia mawe pale kando ya mtaro. Katibu akasoma. Alipofika namba kumi na saba alishusha daftari, na Gathii, aliyekuwa kwenye kiti, akasimama akasema, "Wekoye wa Walubengo. Ametangulia." Wanawake wakaanza kulia, wakalia kama maiti ilikuwa ya asubuhi ile. Gathii alikuwa wa kwanza kunyolewa. Nikamwinua mtoto nikamwita jina lake mbele ya watu wote, naye akapiga chafya, watu wakacheka huku machozi yanatoka.

Saa kumi ng'ombe walipita. Hakuna aliyesimama. Harufu imekwisha.

Kwa hiyo njoo. Sijakusamehe, lakini njoo tugombane ana kwa ana. Umbebe mtoto. Kijitabu changu kina kurasa ishirini sasa, na ukurasa wa josho nataka uusome kabla sijaupeleka. Bashir anaondoka na barua hii leo, na nimempa nauli yako ya kuja.

Mpwa wako, upende usipende,
Dinah


Namba Tisa
18 Aprili 2024, Alhamisi

Khocha,

Derrick ameomba ruhusa kazini, anakuja Myanga sasa hivi kwa pikipiki na karatasi hii. Simu yako inaita tu. Ya Nelima pia. Bashir hajarudi.

Siku tatu mtoto alikuwa amelala kama mtu mwenye dhamiri safi. Leo saa kumi ameanza tena. Nilimwita Wekoye, hakunyamaza. Nilimbeba mpaka kwenye yale mawe, nikamwita hapo, akazidi. Hakuwa akitazama mlango wa jikoni safari hii. Alikuwa akitazama barabara ya kwenda Bungoma.

Tulitaja wote. Khaemba, Sikolia, Mang'oli, Walubengo. Derrick akarudia wa kwao. Nikakosa la kufanya, nikachukua barua yako ile ndefu nikamsomea kwa sauti, maana sauti ya kusoma humtuliza. Alilia nikisoma kuhusu Suam. Alilia nikisoma kuhusu sigara, na blanketi, na kigelegele cha bibi. Nikafika chini. Uliniomba nilisome jina lako mara moja, na kwa hasira zangu nilikuwa sijalisoma. Nikalisoma: Chemonges.

Amenyamaza. Ananyonya huku nikiandika.

Khocha, mpe Derrick jibu. Hata neno moja, hata la kunitukana mwandiko. Uko mzima?

Dinah